Mistari Saba ya Mkaa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla sijasema lolote nakiulizia kifua. Je, kile kikohozi cha asubuhi kimepungua? Na ile dawa ya maji uliyopewa, unaimaliza au umeificha nyuma ya kabati kama ulivyoificha ya mwaka juzi? Mjukuu wako ameniandikia kwamba siku hizi ukipanda ngazi za uani unapumzika mara mbili. Pumzika hata mara nne, Dada, hakuna anayekufukuza. Huku sisi ni wazima. Binti yangu yuko salama na kazi yake ya maabara, na magoti yangu yanalalamika kama kawaida, ila tumeshazoeana, yanalalamika nami natembea.

Utakuwa umeona kwamba safari hii sikuanza kwa lile jina. Kila barua niliyokuandikia tangu siku ya malori yaliyotuchukua sisi tuliokimbia, miaka thelathini na mitatu sasa, imeanza kwa “Mama Mashimo”, na kila mara umenijibu kwa kunitukana kidogo kabla ya kunisalimu, nami nimeyafurahia matusi yako kuliko salamu. Leo nimeshindwa kuliandika. Nimechana karatasi mbili, na wewe unajua ninavyoziheshimu karatasi. Sababu utaijua kabla hujafika mwisho, lakini niache nifike huko kwa mwendo wangu. Ni habari ya mayai, na ya mwezi mmoja ulioniudhi kuliko miaka mingi niliyokwisha kuikasirikia.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nimepata kazi, ukacheka, ukadhani masikio yako yamekuchezea tena. Ulisikia sawasawa. Nyuma ya mtaa tunaokaa kuna karakana kubwa ya mabasi, na ndani yake kuna kantini ya mafundi na madereva. Mpishi mkuu ni mwanamke mpana, mwenye sauti inayoshinda mashine; wote wanamwita Kamanda, naye anaitika. Yule mama aliyekuwa akimchemshia na kumenya mayai alihamia mbali kumfuata mwanawe, Kamanda akabandika tangazo mlangoni. Mimi hupita hapo kila siku nikienda maktaba. Nikaingia. Nikamwambia kwamba nina miaka sabini na mmoja, nimekuwa karani, mwalimu, mlinda ghala na mkimbizi, na kwamba kuchemsha yai hakuwezi kunishinda. Alinishika mikono akaitazama ndani na nje, kama mtu anayenunua viatu vya mtumba, kisha akasema atanijaribu mwezi mmoja. Mayai tisini kila asubuhi, yaliyomenywa, meupe na mazima, yawe mezani kabla ya saa mbili. Mwezi ukiisha atasema ndiyo au hapana, na akishasema hapana harudii.

Lazima uelewe kwa nini niliutaka mwezi ule, la sivyo utaniona mzee mpumbavu anayegombana na mayai. Binti yangu ananipenda, Mungu amzidishie. Lakini ananipenda kama watu wanavyokipenda chombo cha udongo kilichorithiwa. Nikishika birika analipokea. Nikisimama kufungua dirisha, limeshafunguliwa. Akifagia ananihamisha pamoja na viti, na neno lake kwangu kutwa ni moja: Baba, kaa. Nimekaa, Dada. Nilikaa kambini miaka minne nikisubiri jina langu lisomwe. Nilikaa kwenye mabenchi ya ofisi hata nikayajua kwa nyufa zake. Basi tulikubaliana, yeye na mimi, kwa kupeana mikono kabisa: Kamanda akinikubali, ataniacha nifanye kazi bila neno. Kamanda akinikataa, sitatafuta tena, nitakaa.

Siku ya kwanza nilivaa aproni, nikanawa hadi viwikoni, nikayapanga mayai kwenye sufuria kwa adabu. Yalikuwa mayai mazuri. Kamanda huletewa na mfugaji kila alfajiri, mengine yangali na joto la kuku, na jambo hilo ndilo analojivunia kuliko yote. Husema mbele ya kila mgeni kwamba kwake hakuna yai lililolala. Nikachemsha kwa dakika nilizozijua, nikapoza, nikaanza kumenya. Ganda la kwanza liliondoka na kipande cha ute kikubwa kama ukucha wa dole gumba. La pili liliondoka na nusu ya yai. Nikasema nimeharakisha, nikapunguza mwendo, na la tatu likavunjikavunjika vipande vidogo kama mchanga, kila kipande kikiwa kimeng'ang'ania ngozi yake na ngozi imeng'ang'ania ute. Ilipofika saa mbili kati ya mayai tisini nilikuwa na kumi na moja ya kumpa binadamu. Mengine yalikuwa na mabonde na makorongo, na kiini kikichungulia kama mtu aliyefumaniwa.

Mafundi walicheka, na sikuwalaumu. Fundi wa breki aliinua yai lake juu, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akauliza kama huku jikoni tumeanza kufuga panya na kama panya huyo analipwa mshahara kamili. Kufikia saa nne karakana nzima ilikuwa ikiniita Mzee Panya. Asubuhi iliyofuata, hata sijavuka geti, bawabu alinisalimu kwa heshima zote, shikamoo Mzee, kisha akauliza kama leo panya ameamka na njaa.

Ushauri haukukosekana. Fundi wa breki alisema nitie chumvi vijiko vitatu. Dereva mmoja akasema chumvi ni ushirikina, dawa ni siki. Fundi umeme alileta magadi kwenye karatasi, akayapima mwenyewe kwa makini kama anayechanganya baruti. Mayai yakatoka na ladha ya sabuni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakataa. Mwosha vyombo, mwanamke mcheshi ambaye kwa kukiri kwake mwenyewe hapiki hata chai, aliapa kwamba siri ni kuyagonga kitakoni, kule kunene kwenye nafasi ya hewa, kisha kuyaviringisha mezani kwa kiganja. Bawabu akasema hapana, yamenywe ndani ya maji. Mwingine akasema niingize kijiko. Mwingine akasema nisiwaze sana, maana yai huhisi.

Unanijua, mimi ni mtu wa kuandika. Nilinunua daftari nikaandika kila siku nilichofanya na mangapi yalitoka salama. Kuanza na maji baridi: tisa. Kuyatumbukiza kwenye maji yanayotokota: ishirini na sita. Maji yanayotokota, kisha barafu mara tu yakiiva: thelathini na nne, na hapo nikadhani nimefika. Kesho yake, kwa njia ileile, sufuria ileile, barafu ileile: thelathini na moja. Hayakuzidi hapo. Nilimenya kwa kucha, kwa kijiko, chini ya bomba, ndani ya beseni. Vidole vilikwaruzwa na maganda hata nikashindwa kufungua kurasa maktaba bila kuzichafua kwa damu. Nilipofika nyumbani binti yangu alinifunga plasta kimya kimya, na kimya kile kilinikera kuliko vicheko vya karakana.

Wiki ya tatu alileta kiti. Ni kiti kizuri, siwezi kusema uongo, cha kulalia nyuma, chenye mahali pa kuwekea miguu. Alikisimamisha mbele ya televisheni kikiwa bado na nailoni yake. Nikamuuliza kwa nini hakivui nailoni, akasema hakuna haraka, mwezi haujaisha. Hakusema kwa ubaya. Lakini kila nilipopita sebuleni kiti kile kilinitazama kama mtu anayeshikilia foleni kwa niaba yangu.

Siku hizohizo Kamanda aliniita kando, karibu na magunia ya unga. Alisema kwamba mimi ni mtu wa kuheshimika, nafika mapema, jiko langu ni safi, na watu wananipenda hata wakinicheka. Lakini alisema anatupa mayai mengi kuliko anayogawa, na kwamba mtu mwenye pupa ya mikono hafundishiki katika umri huu. Nilimwambia sina pupa. Nilimwambia mayai yenyewe ndiyo hayakubali. Akatabasamu kwa huruma, akasema kila mmenyaji aliyemwondoa alimwambia hivyohivyo.

Dada, maneno hayo ya pupa ya mikono niliyatambua. Hukumbuki ni nani aliyewahi kusema maneno hayo? Najua unakumbuka. Lakini subiri.

Siku tano kabla ya mwezi kwisha, mfugaji alichelewa. Pikipiki yake iliharibika njiani. Kamanda alikuwa anafura. Akaniamrisha nitafute kila kona, na nyuma ya magunia ya unga nikakuta trei tatu zilizosahauliwa, zimefunikwa kwa gazeti. Nilitazama tarehe ya gazeti. Siku tisa. Nikayatumbukiza kwenye maji baridi, moja moja, yote yakalala chini, mazima, hakuna lililoelea. Nikayachemsha kama nilivyokuwa nikiyachemsha yale mengine, bila chumvi, bila siki, bila uchawi wa fundi umeme. Nikagonga la kwanza kitakoni, nikaingiza dole gumba chini ya ngozi, na ganda lote likavuka, Dada, likavuka kwa vipande viwili kama mtu anayevua koti. La pili hivyohivyo. La kumi hivyohivyo. Nilimenya themanini na saba mazima, matatu tu yakaharibika. Mwosha vyombo aliangua vigelegele. Mimi nilikaa juu ya gunia la unga.

Aliyebaki kushawishiwa ni Kamanda. Nilimweleza kwamba mayai yake ni mazuri mno, kwamba yanafaa kukaangwa siku ileile, lakini ya kuchemsha lazima yangoje. Akaruka. Akaniuliza kama nataka awalishe watu mayai ya makumbusho. Nikamwomba siku mbili. Nikachemsha mbele yake kumi na mawili ya asubuhi ile na kumi na mawili niliyomwomba mfugaji, yaliyokaa kwake siku nane sehemu ya baridi, nikampa amenye mwenyewe, maana mikono yake hakuna anayeweza kuisingizia pupa. Alimenya yale machanga matatu, akaharibu matatu. Akamenya yale mengine, yote yakatoka mazima. Kisha akafuta mikono, akasema kuanzia Jumatatu nitapanga mimi trei zipi zingoje na zipi zitumike, na kwamba mwezi wangu umekwisha na jibu ni ndiyo. Fundi wa breki akatangaza kwamba panya amefukuzwa kazi. Binti yangu aliposikia alinikumbatia, akavua kile kiti nailoni, akakikalia yeye.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliketi kukuandikia.

Utaniuliza, kwa akili yako ile kali, ilikuwaje mimi, mtoto wa mama yetu, nikahangaika mwezi mzima bila kukumbuka kikapu kilichokuwa chini ya kitanda chake. Dada, nilikikumbuka. Nilikikumbuka siku ya pili tu. Nilimwona Mama kama anavyoonekana mtu aliyesimama mlangoni: kila asubuhi, kabla hajanawa uso, akikivuta kile kikapu, akichora kwa mkaa mstari mmoja juu ya kila yai. Lililotagwa jana mstari mmoja, la juzi miwili. Lilipofikisha mistari saba alilihamishia upande wa kulia, na hayo tu ndiyo yaliyoruhusiwa kuchemshwa. Ukimuuliza sababu alisema mengine hayajafika. Hakuwahi kueleza yanatoka wapi wala yanakwenda wapi.

Nilikumbuka, nikageuza uso. Nikatia chumvi. Nikatia siki. Nikaandika daftari zima la njia, na katika kurasa zote zile njia moja tu sikuijaribu, ile ya kuyaacha mayai siku saba. Niliogopa kuijaribu. Nilijua kwamba ikifaulu, nitajua kitu ambacho nimekaa miaka hamsini na tisa nikijizuia kukijua. Nilikuwa tayari kukipoteza kibarua, na kukaa kwenye kile kiti, kuliko kukijua. Trei zile za nyuma ya magunia ndizo zilizonilazimisha.

Sasa nakuja kwenye ile Jumamosi. Nitaisimulia yote kama aliyekuwa mbali, kwa sababu nataka atakayekusomea barua hii naye aielewe.

Ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na miwili. Hospitali ilikuwa ikitafuta msichana mmoja wa jikoni, wa kuwaandalia wagonjwa mayai ya asubuhi, na mpishi wa hospitali alimwahidi Mama kwamba atakuja nyumbani aone mikono yako. Mama alijigamba mtaa mzima. Alikutengea mayai kumi na mawili ya mistari saba, akatukataza hata kuyapumulia.

Wakati huohuo pale kona ya shule alikuwapo muuza karanga, na karatasi alizofungia karanga alizichana kwenye kitabu. Kilikuwa kitabu cha safari, cha milima na mito na nchi za baridi, jalada lilishatoka. Kila siku nilisoma kipande kilichofungiwa karanga za wengine, na kila siku kitabu kilipungua. Ijumaa ile alikuwa amefika ukurasa wa arobaini. Nilimsihi aniachie kilichobaki. Akasema ataniachia kwa mayai sita ya Mama, lakini yawe yale yenye mistari, kwa sababu mkewe ameyazoea na hayamsumbui.

Nilichukua sita kati ya kumi na mawili. Kisha nikaenda kwenye viota, nikaokota sita ya asubuhi ileile, nikayafuta, nikachukua mkaa, nikachora mistari saba juu ya kila moja. Niliichora kwa unadhifu, imenyooka kuliko ya Mama. Nilidhani thamani yao imo kwenye mistari. Nilidhani yai ni yai.

Unayajua yaliyofuata, maana ni wewe uliyesimama pale. Sita yalitoka kama yamepakwa mafuta, sita yakatoka yamekatikakatika. Mpishi wa hospitali alisogeza sahani kwa kidole kimoja, akauliza kama hapa nyumbani kuna paka mwenye kucha ndefu. Kisha akamwambia Mama kwa upole, na upole ule ndio uliokumaliza, kwamba msichana huyu anaanza vizuri lakini hamalizi, ana pupa ya mikono. Ulisema kwamba mayai yale sita hayakuwa yamefika. Ulisema hivyo mara tatu. Mama akayakusanya maganda kwenye kiganja, akayaunganisha, akakuhesabia mistari mbele ya mgeni, moja, mbili, tatu, hadi saba, akakuambia kwamba mwongo ni mbaya kuliko mwenye pupa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Kitabu kilikuwa ndani ya shati langu, kimeshika jasho la tumbo. Nilisikia kila neno. Nilijua kwamba mistari ile ni ya mkono wangu, na nilijua kwamba ulikuwa ukisema kweli. Sikutoka.

Jioni Baba Mdogo alipopewa habari alicheka hadi akashika ukuta, akakuita Mama Mashimo, na wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu niliona kwamba kikiwa kichekesho hakitachunguzwa tena. Tangu hapo nimekuwa mlinzi wa lile jina. Nilimfundisha mke wangu, marehemu. Nilimfundisha binti yangu, ambaye miaka yote amekuita Shangazi Mashimo. Kwa nafsi yangu nilisema kwamba labda siku hazina uhusiano na ganda, labda kweli uliingiwa na woga, labda kweli mikono yako ina haraka. Nililisema hadi nikaliamini karibu lote.

Ile nafasi aliichukua binti wa jirani, akavaa aproni nyeupe miaka thelathini, akaagwa kwa hotuba. Wewe ulikwenda kushona magunia kwenye ghala. Kwa magunia yale uliniletea madaftari ya shule. Vumbi la ghala lile ndilo lililoleta hicho kikohozi ninachokiulizia kila barua, kwa upole, kana kwamba sijui kilikotoka. Na Mama alikwenda kaburini akiamini kwamba binti yake ana pupa na tena ni mwongo. Hilo siwezi kulirekebisha kwa karatasi yoyote.

Mwezi huu nimeitwa Mzee Panya kwa siku ishirini na sita, nikaona dunia imeniharibikia. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira na fundi wa breki, na mfugaji, na kuku. Nilipokaa juu ya lile gunia ndipo nilipopiga hesabu ya siku zako.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni kile kitabu. Kinaanza ukurasa wa arobaini na moja, katikati ya sentensi, kwa maneno “na ndipo maji yalipoanza kushuka”. Sijawahi kujua yalipanda kwa sababu gani. Ndicho kilichonifanya msomaji, ndicho kilichonipa ukarani, na siku ya malori nilikibeba ndani ya shati, palepale, nikaacha vitu vya maana. Kimenunuliwa kwa mayai yako. Ni chako.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usiisome barua hii peke yako. Mpe mjukuu wako aisome kwa sauti, sebuleni, wakiwapo wote wanaokuita lile jina, na wale majirani wazee waliobaki, na hata yule aliyevaa aproni kama bado anatembea. Aibu yako ilikuwa mbele ya watu. Yangu isijifiche kwenye bahasha. Kabla ya siku hiyo weka mayai kumi na mawili kwenye kikapu, yachore wewe mwenyewe, na yakifika yachemshe uwape wayamenye, kisha uwape na machanga.

La pili ni gumu zaidi kwa mtu wa moyo kama wako. Usinijibu upesi. Nakujua, utataka kuniandikia kwamba yamekwisha, hata kabla mjukuu hajageuza ukurasa wa mwisho. Usifanye hivyo. Chukua kipande cha mkaa, na kila asubuhi chora mstari mmoja pembeni mwa karatasi hii. Kasirika siku zote hizo kadiri unavyotaka. Una haki nazo na zaidi. Ukifika mstari wa saba, kama bado kuna neno unalotaka kuniambia, niandikie, na lolote litakalokuwa nitalipokea nikiwa nimesimama.

Wasalimie watoto wote na wajukuu, mkubwa kwa mdogo. Binti yangu anakusalimu. Nilimweleza kila kitu jana, na kwa mara ya kwanza alikuita Shangazi tu. Kamanda naye anakusalimu. Alitaka kujua ni nani aliyenifundisha habari ya kungoja, nikamwambia ni dada yangu, aliyeisema mara tatu na hakuna aliyemsikiliza.

Tunza kifua. Maliza dawa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nyuma ya mlango.